Mwarobaini wa Pili Kutoka Getini

Nikianza na mimi, aibu haitaniruhusu kumaliza, kwa hiyo naanza na mti.

Ni mwarobaini, wa pili ukihesabu kutoka getini, katika kampaundi ya wafanyakazi wa kliniki huku Al Thumama, Doha, mahali ambapo ndege zikishuka uwanjani unaona magurudumu yake yakitoka tumboni. Nyumba zetu ni za ghorofa moja, rangi ya biskuti iliyochovywa kwenye chai, na karibu sote ni Wakenya, pamoja na Waganda wachache ambao wameitwa Wakenya mpaka wamechoka kubisha. Kando ya ukuta, kuanzia geti hadi jenereta, kulikuwa na miarobaini mitano. Hakuna aliyejua nani aliipanda. Ilikuwa mizee, magome yamepasuka kama visigino, na ilikuwa pale kabla yetu na kabla ya mudir, yule msimamizi wa kampaundi ambaye hutuma ujumbe mrefu kwenye grupu kisha hajibu maswali.

Ule wa pili ulikuwa umeegemea upande wetu. Matawi yake yalipita katikati ya vyuma vya balkoni yetu ya juu yakaingia ndani, na hakuna aliyeyafukuza. Nyuma ya majani hayo, kati ya mashine ya AC na chombo cha kuanikia nguo, niligeuza ndoo nikaifanya kiti. Chumbani nalala na wadogo zangu wawili wa kiume. Mmoja huongea akiwa macho, mwingine huongea usingizini, hivyo hakuna saa ya mapumziko. Balkoni ndiyo iliyokuwa nchi yangu. Kutoka chini hunioni. Kwa mtu ambaye akisalimiwa na watu watatu mfululizo anahitaji kwenda kujilaza, mti ule ulikuwa ni zaidi ya kivuli. Ulikuwa mlango ninaoweza kuufunga.

Na kama ilivyo kwa mlango, sauti zilipita.

Chini ya mwarobaini wa pili palikuwa na benchi la saruji, na mtandao wa simu hapo ni mzuri kuliko ndani ya nyumba. Kila mtu mzima wa kampaundi yetu alikuja kupigia simu nyumbani hapo. Waliketi, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, wakaanza kusema uongo. Hakuna aliyewahi kutazama juu. Sijui kwa nini watu wanaosali sana kiasi hiki hawatazami juu.

Matatizo yalianza tawi la mti wa nne lilipoanguka juu ya boneti ya gari la mweka hazina wetu. Huyu ni dereva wa kliniki, na gari lake ni kubwa na la zamani, limenizidi umri na limenizidi maneno. Tawi lenyewe lilikuwa la unene wa mkono wangu, na mkono wangu si wa kusifiwa. Lakini kwa jinsi alivyolibeba nyumba kwa nyumba, ungedhani ni silaha iliyopatikana kwenye tukio.

"Tazameni," alisema mlangoni kwetu. "Kama ningekuwa nimesimama hapo?"

"Ulikuwa umesimama hapo?" Baba akauliza.

"Nimesema kama."

Mudir akaleta kampuni ya miti. Kampuni ikamtuma mtaalamu, mzee mwembamba mwenye kofia pana, hana haraka, kiganjani ana nyundo ndogo ya mbao. Siku hiyo nilikuwa nimerudi kutoka shuleni mapema, niko kwenye ndoo yangu. Nilimwona akienda mti kwa mti, anagonga shina, anatega sikio, anagonga tena, kama Mama anavyogonga mgongo wa mtu mwenye kifua kibovu. Mti wa kwanza ulitoa sauti ya ngoma. Akatoa mkebe wa rangi ya kupuliza, akaweka doa jekundu. Akaja kwa wa pili. Akagonga. Akagonga juu zaidi. Akaweka kiganja kwenye gome, kisha akainua uso na kutazama majani kwa muda, na macho yake yakanipita kana kwamba mimi ni jani jingine. Sikupumua. Akatoa mkebe mwingine: doa la kijani. Wa tatu, jekundu. Wa nne, jekundu. Wa tano, karibu na jenereta, kijani.

Akamweleza mudir pale pale chini yangu, kwa Kiingereza cha taratibu. Yenye doa jekundu imeoza ndani, itaondolewa na mahali pake itapandwa mikunazi michanga, mti wa nchi hii, usiohitaji kunyweshwa kama mtoto. Ya kijani ni mizima, ibaki. Mudir akasema sawa, akapiga picha ya nyundo.

Nilirudi ndani nikala ugali mwingi kuliko kawaida. Mama akanigusa paji la uso.

Habari kwamba miarobaini itakatwa zilienea kabla ya jua kuzama, na kesho yake watu wakaja na mifuko. Majani! Doha haina malaria. Mbu wenyewe wa huku ni wa kubahatisha. Lakini manesi kumi na kitu, waliosomea famasia kwa miaka, wenye dawa za bure kazini, walijipanga wakachuma majani ya miti kama watu wanaoondoka kwenda vitani. Mama alichemsha sufuria nzima. Tulikunywa sote, tukakunja nyuso, hatukuwa na ugonjwa wowote na baada ya hapo pia hatukuwa nao, kwa hiyo ikasemekana dawa imefanya kazi.

Kisha mudir akaandika kwenye grupu: Jumamosi watu watakuja kwa ajili ya miti. Tafadhali ondoeni magari na eneo liwe safi.

Mtu wa taifa lingine angesoma maneno hayo akaondoa gari na kufagia. Sisi tuliitisha kikao.

Tulikaa sebuleni kwa Mama Mwenyekiti. Huyu ni sista mkuu wa wodi, mwanamke mwenye sauti inayoweza kukuamsha ukiwa umepewa dawa ya usingizi, na ni mwenyekiti wa kila kitu: wa msiba, wa harusi, wa kuchangia tiketi, na sasa wa miti. Nilienda kwa sababu Mama alisema nikabebe thamosi. Shemasi, yule mhudumu wa maabara anayeongoza nyimbo kwenye ibada ya Ijumaa, kwa kuwa huku Jumapili ni siku ya kazi, alifungua kwa maombi. Alimwomba Mungu aikumbuke miti hii kama alivyowakumbuka wana wa Israeli. Kisha Mama Mwenyekiti akasimama.

"Itifaki imezingatiwa," alisema, mbele ya watu tisa na thamosi. "Ndugu zangu, Jumamosi tuna wageni. Mudir amesema eneo liwe safi. Sasa mimi nawauliza, mtu mzima akisema eneo liwe safi, maana yake ni nini?"

"Kufagia," akasema askari wa geti, Mganda, aliyekuwa ameitwa kuwakilisha geti.

Walimtazama kwa huruma.

"Wewe shule yenu ilitembelewa na mkaguzi?" Mama Mwenyekiti akamuuliza. "Mkuu wa wilaya akija, mlifagia tu?"

Na hapo nikaona kitu kikiingia machoni mwao wote kwa pamoja. Baba akakaa wima. Mweka hazina akatabasamu kwa upande mmoja. Walikuwa wamerudi wote darasa la sita, miguu vumbi, wameambiwa kesho kuna mgeni.

"Chokaa," Baba akanong'ona.

"Chokaa!" wakasema wote.

Kwa wasiojua: kwetu nyumbani, mgeni mkubwa akija shuleni, mti hupakwa chokaa kutoka ardhini mpaka kiunoni. Mawe ya njiani pia. Sijui mgeni gani aliwahi kulalamika kwamba mti una rangi ya mti, lakini lazima alikuwepo, na lazima alikuwa na cheo, kwa sababu hofu yake imevuka bahari na kuhamia Doha.

Nilikuwa nimeshika thamosi. Nilisema, "Lakini zile alama..." Nilisema kweli, kwa sauti. Tatizo la sauti yangu ni kwamba hutoka kama mtu anayeomba radhi kwa kupumua. Mama Mwenyekiti akanigeukia kwa upendo.

"Eeh mwanangu, ongeza na kwa Shemasi, kikombe chake kiko tupu."

Chokaa walinunua duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya barabara yetu. Baba alisimulia mwenyewe, akijisifu. Mwenye duka alimuuliza ukuta ni wa ukubwa gani ili ampimie. Baba akasema si ukuta, ni miti. Mwenye duka akauliza miti imefanya nini.

Walipaka Alhamisi, waliokuwa zamu ya mapumziko. Basi la shule liliponishusha getini nilisimama nikadhani nimeshushwa kwingine. Miti mitano, imepangwa ukutani, imevaa soksi nyeupe mpaka kiunoni. Mawe yote ya kando ya njia, meupe. Bomba la maji la bustani, jeupe. Baba yangu, mtu mzima mwenye shahada, alikuwa amevaa gambuti na ana ufagio wa chokaa mkononi, ndevu zimekuwa za babu yake, na anacheka na mweka hazina kama watu waliotoroka somo la hesabu.

"Umeona?" akaniita. "Sasa hapa ni mahali pa watu!"

Nilienda moja kwa moja kwa mti wa pili. Nikainama pale palipokuwa na doa la kijani. Weupe mtupu.

"Mama, madoa yako wapi?"

"Madoa gani?"

"Ya rangi. Jekundu na kijani. Yalikuwa kwenye miti."

"Aah, ule uchafu," Mama akasema, na akainyoosha mikono yake kama daktari anayetoka upasuaji. "Mwenyekiti alitaka kupaka juu yake hivyo hivyo. Nikamwambia hapana, huwezi kufunga bandeji juu ya uchafu. Nilisugua mwenyewe kwa brashi ya waya. Miti yote. Hakuna hata tone limebaki."

Mama yangu ni nesi hodari. Hakuna kidonda kilichowahi kumshinda.

"Mama, hizo zilikuwa alama. Zinasema upi ukatwe na upi ubaki."

 Akafanya kile watu wazima hufanya ukweli unapowafikia ukiwa umechelewa: akaupeleka kwa mwingine. "Basi mwambie Mwenyekiti."

Nilienda. Nilibisha hodi, jambo ambalo kwangu ni sawa na wengine kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Mama Mwenyekiti akafungua, simu begani, mkononi unga. Kabla sijatoa neno akanitwisha sahani ya chapati zilizofunikwa.

"Mpelekee mama yako. Anti," aliendelea kwenye simu, "hapa nina kasichana kazuri, kana adabu! Hakana maneno."

Mlango ukafungwa. Nikabaki na chapati na sifa.

Jumamosi asubuhi magari yalikuwa yameondolewa. Chini ya mti wa tatu kulikuwa na meza yenye kitambaa chekundu, soda, maji, na kiti kimoja chenye mto, cha mgeni wa heshima. Wanawake walivaa vitenge. Shemasi alikuwa na tai. Nilikuwa kwenye ndoo yangu, ndani ya majani, nikisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwenzake wa karibu sana.

Lori likaingia. Wakashuka vijana wanne wenye misumeno ya mota na kamba, na msimamizi wao, mtu mfupi mwenye fulana ya kung'aa. Mama Mwenyekiti akamshika mkono akamkalisha kwenye mto. Akapewa soda. Akasomewa salamu. Mtu yule alitazama soda, akatazama miti yenye soksi, akatazama nyuso zetu zenye furaha, na nadhani kwa mara ya kwanza kazini aliogopa.

"Mimi nakata," alisema kwa Kiingereza cha Doha, kile cha maneno machache yanayobeba mizigo mingi. "Nyekundu, kata. Kijani, acha. Nyekundu iko wapi?"

Walitazamana. Wakatazama miti. Mama akatazama mikono yake.

Msimamizi akampigia simu mtaalamu. Simu imezimwa, alikuwa ameondoka kwenda likizo kwao. Akampigia mudir. Mudir, kama kawaida yake, hakujibu. Akasimama, akaweka soda chini.

"Lori ni mpaka adhuhuri. Mtaalamu alisema mitatu inatoka. Nyinyi mnakaa hapa, nyinyi mnajua. Niambieni mitatu. Kama hamjui, naondoa yote mitano, khalas, imekwisha. Mti uliooza siuachi juu ya watu."

Hapo ndipo nilipojifunza namna watu wazima wanavyokumbuka.

"Wa kwanza ulikuwa kijani," akasema anti mmoja wa wodi ya watoto. "Niliuona kwa macho yangu." Gari lake jipya huegeshwa chini ya wa kwanza.

"Wa kwanza? Ule uliojaa ndege?" akasema mwenzake. "Uliokuwa kijani ni wa tatu." Gari lake huegeshwa chini ya wa tatu.

"Wa nne ni mwekundu, huo hauna mjadala," akasema mweka hazina. "Na wa tano. Wa tano nao ulinitazama vibaya."

"Muulizeni askari, yeye yuko hapa siku zote."

"Mimi naangalia watu," akasema askari. "Siangalii miti."

Kila mmoja alikuwa shahidi, na kila shahidi alikuwa na gari. Msimamizi alitazama saa. Mama Mwenyekiti, ambaye hana gari, akaona ni wakati wa uongozi.

"Basi tusipoteze muda wa mgeni. Wa nne, tumekubaliana. Wa kwanza uko getini, unapendeza, ubaki. Wa tatu unatupa kivuli cha mikutano, ubaki. Wa tano uondolewe. Na huu wa pili," akaunyooshea kidole, kidole kikanielekea moja kwa moja kifuani, "huu unaziba tu nyumba ya watu. Baba watoto, si unawaletea mbu?"

Nilimngoja Baba. Baba ambaye kila Ijumaa jioni huketi kwenye benchi lake.

"Kwa kweli," Baba akasema, "unaleta wadudu."

Kijana mmoja akauvuta uzi wa msumeno. Ukanguruma. Akaja kwenye mti wangu, akapiga hatua mbili nyuma kutafuta pembe nzuri ya kuuangushia.

Sijui nilisimama lini. Najua ndoo ilianguka.

"Huo ni wa kijani!"

Sauti ilitoka kubwa. Ilitoka na miaka yote ambayo sikuwa nimeitumia. Kijana akazima msumeno. Kule chini, watu waliovaa vitenge walizunguka wakitafuta, wakatazama geti, wakatazama ukuta, kisha wakatazama mti. Kwa sababu kwa yeyote aliyesimama pale, ni mti ndio uliozungumza.

"Yesu wangu," akasema Shemasi.

"Wa kwanza ni mwekundu," mti ukaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. "Wa pili kijani. Wa tatu mwekundu, wa nne mwekundu. Wa tano kijani. Niliona akiweka. Wa kwanza ulilia kama ngoma alipougonga."

Baba alisogea mbele akainua shingo. "Ni wewe?"

Nikasogeza tawi. Nyuso zote. Zote pamoja, zimeinuliwa kama sahani. Ndoto zangu mbaya huwa na watu wachache kuliko hao.

"Na wewe ulikuwa wapi ukaona yote hayo?" Mama Mwenyekiti akauliza, akiwa bado na ukali wa kikao.

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Huwa nakaa hapa."

"Huwa?" sauti ikapungua kidogo. "Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

 Ndege ilipita juu, magurudumu nje, na hakuna aliyeitazama. Niliona kwa macho yangu neno "tangu tuhamie" likiwafikia mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akigeuza shingo polepole kutoka kwangu mpaka kwenye lile benchi la saruji, chini yangu, umbali ambao ningeweza kutema mbegu ya tende na ikafika.

Mama Mwenyekiti, ambaye amemwambia dada yake kwamba anaishi villa yenye bwawa la kuogelea na mfanyakazi wa kupika, alirekebisha kilemba. Shemasi aliingiza mkono mfukoni, mahali pakiti ya sigara ilipo, akautoa upesi. Yule anti wa gari jipya, ambaye hulia kwenye simu na kumwambia mumewe wa Eldoret kwamba ni mafua ya AC, alitazama viatu vyake. Mweka hazina alikohoa. Yeye hufanya mazoezi ya kumjibu bosi wake pale, kwa Kiarabu cha ukali sana, peke yake, na mwishoni hujiomba msamaha mwenyewe.

Baba ndiye aliyenitazama muda mrefu kuliko wote.

"Mtoto huyu," Mama Mwenyekiti akasema hatimaye, akimgeukia msimamizi kwa Kiingereza safi, "hajawahi kusema uongo."

"Kabisa," akasema Shemasi.

"Ana akili sana. Shuleni ni wa kwanza," akasema mweka hazina. Mimi huwa wa kumi na tisa.

"Kama amesema wa kwanza ni mwekundu, ni mwekundu," akasema anti wa gari jipya, akikitoa kivuli cha gari lake bila kupepesa macho.

Hakuna hata mmoja aliyeniamini kwa sababu ya ukweli. Ningesema mikebe ya soda ndiyo ikatwe, wangeikata. Nilikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu asiye na maneno hawezi kuogopwa. Kumbe wanaogopa zaidi yale ambayo hujayasema.

Walikata wa kwanza, wa tatu na wa nne. Visiki vilikuwa na matundu katikati, meusi, mapana, na kutoka cha tatu walitoka mende wengi kiasi kwamba meza ya mgeni wa heshima, iliyokuwa imesogezwa pembeni, ilihamishwa tena kwa mbio. "Si nilisema?" Mama Mwenyekiti akawaambia watu waliokuwa wamesikia alichosema.

Mti wangu umebaki. Lakini naandika haya nikiwa sebuleni, kwa sababu balkoni sasa ni ofisi ya umma. Mtu akipita chini anainua mkono: "Habari ya huko juu!" Nalazimika kujibu. Wanaosubiri teksi hunisalimia, wanaotoka zamu hunisalimia, hata mudir amenisalimia, yeye asiyejibu chochote. Hakuna anayepiga simu tena kwenye benchi. Wamehamia kwenye jenereta, ambako wanalazimika kupiga kelele ili wasikike, hivyo sasa uongo wao unafika mpaka barabarani. Nilipata mti, nikapoteza kile ulichonipa. Biashara ya namna hiyo mweka hazina angeisifu.

Ijumaa iliyofuata Baba alikuja balkoni. Hakuwa amewahi kuja. Aliketi kwenye ndoo yangu, akashangaa jinsi benchi linavyoonekana karibu.

"Kwa hiyo unasikia," alisema. "Mimi na nyanya yako."

"Nasikia."

Nyanya anaamini Baba ni meneja wa kliniki. Baba yuko stoo. Anahesabu glavu.

"Usimwambie mama yako kwamba namdanganya nyanya."

"Anajua," nikasema. "Naye humpigia nyanya hapo hapo. Humwambia meneja amechelewa mkutanoni."

 Akaanza kucheka, kimya kimya, mabega tu, na sikujua nimtazame au nisimtazame, kwa hiyo nikakunja nguo.

Wiki hiyo hiyo mikunazi mitatu ililetwa. Myembamba kama vidole vyangu, kila mmoja umefungwa kwenye nguzo mbili za kuushikilia, nguzo nene kuliko mti wenyewe. Jioni, nikiwa nimerudi kwenye ndoo kujaribu bahati, nilimwona Mama Mwenyekiti akija peke yake na ndoo ya chokaa iliyobaki. Alisimama mbele ya mkunazi wa kwanza. Akachovya brashi. Kisha, kitu ambacho hajawahi kufanya maishani mwake, akasita na kutazama juu.

"Uko huko?"

"Niko, Anti."

"Unaonaje wewe? Tuipake au tuiache?"

Brashi ilikuwa inadondosha chokaa kwenye kiatu chake cha kazi. Mtu yule, mwenyekiti wa kila kitu, alikuwa ananisubiri mimi.

"Iacheni," nikasema. "Bado midogo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea maelekezo kutoka makao makuu. Mikunazi hakuigusa. Akainama, akazipaka nguzo zote sita.